Namna ya Kujaribu Virutubisho vya Asili kwa Maumivu ya Viungo bila Kujidanganya

Kabla ya kununua kopo lolote la virutubisho, jua kwanza ni ugonjwa gani hasa unaokutesa, kwa maana baridi yabisi ni kundi kubwa la magonjwa, na kinachomfaa mgonjwa mmoja huenda kisimfae kabisa mwenzake. Magonjwa matatu ndiyo yanayokutana na watu wengi zaidi. La kwanza ni osteoathritisi, ambapo gegedu, yaani tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, hulika polepole, mfupa ulio chini yake hubadilika umbo, na utando wa ndani wa kiungo huvimba kiasi. La pili ni baridi yabisi ya rumatoidi, ambapo kinga ya mwili huushambulia utando huo. La tatu ni jongo, linalotokana na fuwele za asidi ya yuriki kujikusanya ndani ya kiungo.

Dalili husaidia kuyatofautisha, ingawa hazitoshi kuchukua nafasi ya vipimo. Mwenye osteoathritisi huamka viungo vikiwa vimekakamaa, lakini kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa kupita, na maumivu yake huongezeka kadiri anavyovitumia. Mwenye rumatoidi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi, na mara nyingi huvimba viungo vidogo vya mikono yote miwili kwa pamoja. Jongo huja kwa ghafla, aghalabu usiku, na hupenda kuanzia kwenye kidole gumba cha mguu, ambacho huwa chekundu na hakivumilii hata kuguswa na shuka.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu rumatoidi isiyotibiwa mapema huharibu viungo kwa namna isiyorekebishika, na dawa zinazoizuia, kama vile methotreksati, hazina mbadala wowote katika duka la virutubisho. Vivyo hivyo, jongo linalorudiarudia hutibiwa kwa dawa za kushusha asidi ya yuriki, kama alopurinoli. Katika magonjwa hayo mawili, kirutubisho kinaweza kukaa kando ya dawa endapo daktari ameridhia, lakini hakiwezi kuiondoa dawa mahali pake. Nafasi pana ya majaribio iko kwenye osteoathritisi, na huko pia yafaa kuanza na matarajio ya kiasi: gegedu haina mishipa ya damu, hivyo hujikarabati kwa shida, na hakuna kirutubisho kilichothibitishwa kuiotesha upya. Kinachotafutwa ni nafuu ya maumivu.

Ushahidi unasemaje

Glukosamini na kondroitini ndivyo vinavyouzwa zaidi, na ndivyo vilivyochunguzwa kwa kina. Vyote viwili ni sehemu ya gegedu yenyewe. Glukosamini ya dukani hutokana mara nyingi na magamba ya kamba na kaa, na kondroitini hutokana na gegedu za wanyama. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliogharamiwa na serikali ya Marekani, ambao uliwashirikisha watu 1,583 wenye maumivu ya goti na kuwafuatilia kwa wiki 24. Kati ya waliopewa glukosamini na kondroitini kwa pamoja, asilimia 66.6 walipata nafuu, lakini kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa yoyote, asilimia 60.1 nao walipata nafuu, na tofauti hiyo haikutosha kusema kwamba virutubisho ndivyo vilivyofanya kazi. Kikundi kidogo cha wenye maumivu makali kilionekana kufaidika zaidi, ila kikundi chenyewe kilikuwa kidogo mno kuweza kujengewa hoja. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kilishauri kwamba glukosamini isitumiwe kwa osteoathritisi ya goti na nyonga.

Hata hivyo, glukosamini haina madhara mengi kwa watu walio wengi, na anayetaka kuijaribu anaweza kutumia miligramu 1,500 za glukosamini salfeti kwa siku, kipimo kilichotumika katika tafiti nyingi. Mwenye mzio wa kamba au kaa asome kwa makini imetengenezwa kwa kitu gani. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse bila kumwuliza daktari, kwa kuwa inaweza kuifanya damu iwe nyepesi kupita kiasi.

Manjano yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo yanayoeleweka vibaya zaidi. Kinachohusishwa na kupunguza uvimbe ni kurkumini, nayo ni takribani asilimia 3 tu ya uzito wa unga wa manjano. Kijiko cha chai chenye gramu 3 za unga hutoa hivyo miligramu 90 au karibu na hapo, ilhali tafiti nyingi zimetumia dondoo yenye miligramu 1,000 au zaidi kwa siku. Kwa hiyo manjano ya jikoni ni chakula chema, lakini anayesema amejaribu kurkumini kwa kuyatia kwenye mchuzi bado hajaijaribu. Isitoshe, kurkumini hufyonzwa kwa shida sana tumboni, ndiyo maana watengenezaji wengi huichanganya na piperini ya pilipili manga, au huifunga kwenye mafuta ili iingie mwilini kwa wingi. Tafiti ndogo kadhaa, nyingi zikiwa za wiki chache, zimeonyesha kwamba dondoo hizi hupunguza maumivu ya goti kwa kiasi kinachohisika, nami naona kati ya virutubisho vya mimea hiki ndicho chenye hoja nzuri kuliko vingi.

Nafuu hiyo ina upande wa pili. Mbinu zilezile zinazoongeza ufyonzwaji zimehusishwa na visa vya ini kudhurika, ambavyo vimeripotiwa Italia, Australia na Marekani. Visa hivyo ni vichache ukilinganisha na idadi ya watumiaji, lakini kila anayemeza kapsuli za kurkumini anapaswa kuzijua dalili zake: macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, ngozi kuwasha na uchovu usioelezeka. Akiona mojawapo, aache siku hiyohiyo na aende kupimwa. Mwenye vijiwe vya nyongo au ugonjwa wa ini asianze kabisa. Piperini nayo hubadilisha jinsi ini linavyoshughulikia dawa nyingine, jambo ambalo mtumiaji wa dawa za kifafa au za kuzuia damu kuganda hawezi kulipuuza.

Ubani unaochunguzwa kwa ajili ya viungo ni dondoo ya utomvu wa Boswellia serrata, mti wa India, wenye asidi zinazozuia kimeng'enya kimojawapo cha uvimbe. Tafiti zake ni ndogo lakini nyingi zimeelekea upande mmoja, yaani nafuu ya wastani ndani ya wiki chache, kwa dondoo iliyokolezwa ya miligramu 100 hadi 250 kwa siku. Kuchoma ubani au kuutafuna hakumpi mtu kipimo hicho.

Mafuta ya samaki yanamfaa zaidi mwenye rumatoidi, na hapa ushahidi una nguvu kidogo: yakitumiwa kwa miezi mitatu au zaidi, hupunguza kukakamaa kwa asubuhi na uhitaji wa vidonge vya maumivu. Kipimo kilichotumika ni karibu gramu 3 kwa siku za EPA na DHA, yaani asidi mbili za omega-3 zilizomo katika mafuta hayo, na hapo ndipo wanunuzi wengi huteleza. Kapsuli iliyoandikwa miligramu 1,000 kwa maandishi makubwa ina miligramu 1,000 za mafuta yote, lakini EPA na DHA ndani yake mara nyingi ni miligramu 300 tu, hivyo mtu angehitaji kapsuli kumi kwa siku ili kukifikia kipimo hicho. Tafuta mafuta yaliyokolezwa, na usijaribu kufikisha kiasi hicho kwa mafuta ya ini la samaki, maana vitamini A itakayoambatana nayo ni sumu kwa wingi huo na ni hatari kwa mimba. Kwa kuwa vipimo vikubwa vya omega-3 vimehusishwa pia na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, mgonjwa wa moyo apate ushauri kwanza.

Vilivyobaki nitavipitia kwa haraka. Tangawizi hupunguza maumivu kidogo, na kwa wengine huleta kiungulia. Kolajeni imechunguzwa katika tafiti chache ambazo nyingi ziligharamiwa na wauzaji. Vitamini D ina maana kwa aliyepimwa akakutwa na upungufu; asiye na upungufu hatarajiwi kupata nafuu ya magoti kwa kuiongeza. Krimu ya kapsaisini, inayotokana na pilipili kali, imeonyesha matokeo mazuri kwenye goti na vidole ikipakwa mara tatu au nne kila siku bila kuruka, ingawa huchoma siku za mwanzo na mtu hana budi kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Anayejipaka vidole vya mkono asubiri nusu saa kwanza ndipo anawe.

Namna ya kufanya jaribio

Maumivu ya viungo hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda kutafuta kirutubisho wakati maumivu yamefika kileleni, na kwa kuwa yangeshuka hata asingemeza kitu, sifa hupewa kapsuli. Ongeza hapo ile asilimia 60 ya waliopata nafuu kwa kidonge kisicho na kitu, na itaonekana wazi kwamba kumeza na kusikilizia hakutoshi. Jaribio linahitaji daftari.

Kwa wiki mbili kabla ya kuanza, andika kila jioni, saa ileile, kiwango cha maumivu kuanzia 0 hadi 10, pamoja na kazi moja ambayo kiungo chako huipata tabu, kama kupanda ngazi, kufungua kifuniko au kuinuka kitini. Andika pia vidonge vya maumivu ulivyotumia siku hiyo, kwa sababu kupungua kwa vidonge ni nafuu hata kama namba haijabadilika. Kisha anza kirutubisho kimoja tu, kwa kipimo kimoja, na usianze wakati huohuo zoezi jipya, mlo mpya au krimu mpya, la sivyo hutajua kilichokusaidia ni kipi. Endelea kwa wiki 8 hadi 12. Tarehe ya mwisho iandikwe siku ya kwanza, maana asiyejiwekea tarehe huendelea kununua kwa miaka bila kujiuliza.

Tarehe ikifika, linganisha wastani wa wiki mbili za mwisho na ule wa wiki mbili za awali. Kushuka kwa namba mbili au zaidi ni nafuu ya kweli, na kushuka kwa nusu namba si kitu cha kulipia. Ukiona nafuu, acha kirutubisho kwa wiki nne huku ukiendelea kuandika. Maumivu yakirudi, una sababu nzuri ya kuendelea, na yasiporudi, umeokoa fedha zako. Usiionee huruma bidhaa iliyoshindwa kwa kuiongezea nyingine juu yake.

Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito kwa aliyezidi yana ushahidi mzito kuliko chochote kilichotajwa hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uligundua kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Ikiwa bado hujaanza, anza hayo kwanza, yazoeleke kwa miezi miwili, ndipo ulete kopo.

Kusoma lebo, na hatari ya dawa iliyofichwa

Katika nchi nyingi virutubisho havihitaji kuthibitishwa kuwa vinafanya kazi kabla ya kuuzwa. Marekani, kwa mfano, imekuwa hivyo chini ya sheria ya mwaka 1994. Chagua bidhaa inayotaja kiasi cha kila kitu kilichomo ndani yake, na ukatae ile inayoficha vipimo nyuma ya maneno kama mchanganyiko maalumu. Alama ya chombo huru cha upimaji, kama USP, huthibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo, ingawa haithibitishi kwamba kinatibu.

Jihadhari hasa na bidhaa inayotuliza maumivu kwa siku moja au mbili, kwa kuwa mimea haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa za maumivu ya viungo zilizouzwa kama za asili, ambazo zilipopimwa zilikutwa na deksamethasoni na diklofenaki zisizotajwa kwenye lebo. Ya kwanza ni steroidi yenye nguvu, inayopandisha sukari na shinikizo la damu na kuufanya uso uvimbe. Ya pili huweza kusababisha vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Aliyekwisha kutumia bidhaa ya namna hiyo kwa wiki kadhaa asiiache kwa ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huenda zimeacha kutengeneza homoni yake ya asili. Achukue kopo lenyewe, ampelekee daktari, na apunguziwe taratibu.

Kila kirutubisho unachokitumia kiandikwe kwenye orodha moja na dawa zako za hospitali, na orodha hiyo aione mfamasia. Ukiwa na upasuaji mbele yako, mjulishe daktari mapema, maana mafuta ya samaki, tangawizi na kurkumini kwa kawaida husimamishwa wiki mbili kabla ili kuepusha kutokwa na damu kwingi. Mjamzito na anayenyonyesha waache majaribio haya mpaka baadaye. Na kiungo kimoja kikivimba kwa ghafla, kikawa cha moto, kukiwa na homa au kikashindwa kabisa kubeba uzito, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni maambukizi ya bakteria, ambayo huweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache.