Minyoo ya bata: dawa ipite mdomoni, si kwenye ndoo

Manyoya ya bata huficha mengi. Mshike, pitisha kidole kifuani: mfupa wa kidari ukiwa umechongoka ilhali anakula vizuri, shuku minyoo. Ukichinja mmoja, pasua utumbo, kisha firigisi, ubandue ile ngozi ngumu ya njano. Vijinyoo vyembamba vyekundu kama nyuzi hujibanza chini yake. Kinyesi kibichi kinaweza kupimwa kwenye maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania), Iringa.

Wengi humwaga piperazini, dawa ya minyoo, kwenye maji ya kunywa. Kwa kuku inasaidia, ila bata huyaoga maji hayo, na asubuhi za baridi za Juni na Julai huku Mbeya au Makete hanywi vya kutosha. Tena piperazini hupiga minyoo mikubwa ya duara tu. Tegu anabaki, na wa firigisi pia.

Afadhali albendazoli ya maji, 2.5%, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Chupa haijaandikwa bata, hivyo thibitisha dozi na bwana mifugo. Kwa miligramu 20 kwa kilo ni mililita 0.8 kwa kila kilo: jike la kilo 2.5 apewe mililita 2, dume la kilo 4.5 apewe 3.6. Soma lebo mara mbili! Ya 10% ina nguvu mara nne, na kosa hilo ni rahisi sana dukani. Pima uzito kwa mizani ya kuning'iniza. Kukadiria kwa macho huishia dozi pungufu.

Mtu mmoja amkumbatie bata, mabawa yabanwe. Tundu la pumzi liko katikati, nyuma ya ulimi, kwa hiyo ingiza dawa pembeni mwa mdomo, polepole, akimeza kila kidogo. Akikohoa, acha kwanza. Jike anayetaga mayai ya kuatamia asipewe. Mayai na nyama visiliwe kwa siku 14 angalau.

Wafungie bandani siku 2, kisha zoa kinyesi na maranda yote, ukaozeshe mbali na dimbwi. Dawa za kuua vijidudu haziyatishi mayai ya minyoo. Jua na ukavu ndivyo vinavyoyamaliza. Konokono na nyungunyungu hubeba minyoo, kwa hiyo hamisha beseni la maji kila siku, tope lisijikusanye. Rudia dozi baada ya wiki 2 hadi 3, halafu Oktoba kabla ya mvua na Mei zikikata. Rungwe, ambako mvua haikatiki vizuri, fuata majibu ya kipimo cha kinyesi, si kalenda.