Ukikabidhiwa TEHAMA ya Hospitali, Anzia Wodini

Mkuu mpya wa TEHAMA akiripoti hospitalini, siku ya kwanza hupelekwa chumba cha seva. Anaonyeshwa taa zinazomweta, anaambiwa mashine ipi imezeeka, anakabidhiwa orodha ya leseni zinazokaribia kuisha. Hayo yote yanaweza kungoja. Wewe omba ratiba ya wauguzi, chagua zamu ya usiku kwenye wodi yenye kazi nyingi, vaa viatu visivyopiga kelele, kaa pembeni utazame. Nimeongoza idara za aina hii kwa miaka mingi, na sijapata kusoma ripoti ya mshauri iliyonifundisha kama usiku mmoja wa namna hiyo.

Utaona mambo ambayo hayamo kwenye mchoro wowote wa mtandao. Akaunti ya muuguzi mmoja imefunguliwa tangu jioni na zamu nzima inaandikia humo humo. Nywila imebandikwa chini ya kibodi. Usikimbilie kukemea. Shika saa kwanza: kuingia kwenye mfumo kunachukua muda gani, na mtu huyo anaingia mara ngapi kwa zamu? Ikiwa kila mara anasubiri dakika nzima huku mgonjwa anatapika, basi ile akaunti ya pamoja ni dawa aliyojitungia kwa ugonjwa uliomletea wewe. Mpe kadi ya kugusisha kwenye kompyuta, ukurasa wake umfuate kutoka mashine moja hadi nyingine, uone kama ataendelea kuazima akaunti ya mwenzake.

Ukiwa hapo hapo, futa ile amri ya kila mtu kubadili nywila kila mwezi. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishaandika mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadili nywila kwa kalenda tu, bila dalili kwamba imevuja. Mtu anayelazimishwa huongeza tarakimu moja mwishoni, na wezi wanalijua hilo kuliko wakaguzi wetu.

Kabla hujaondoka, muulize msimamizi wa zamu: mfumo ukizimika sasa hivi, dawa za saa sita usiku utazijuaje? Lisikilize jibu bila kujitetea. Mpango kazi wako wa mwaka wa kwanza umo ndani yake.

Siku ambayo mfumo haupo

Tarehe 14 Mei 2021, huduma ya afya ya umma ya Ireland, HSE, ilivamiwa na kundi la wadukuzi la Conti, lililofunga mafaili yake na kudai fedha, ikalazimika kuzima mifumo yake nchi nzima ili uharibifu usienee. Barua pepe zikakatika, maabara zikarudi kwenye karatasi, miadi ikaahirishwa. Siku sita baadaye wavamizi wenyewe walitoa ufunguo wa kufungulia mafaili, bila kulipwa. Hata hivyo urejeshaji uliendelea hadi Septemba. Nikisimulia hili, wakuu wenzangu hushtuka hapo penye ufunguo, kwa sababu wengi wanaamini kimoyomoyo kwamba mambo yakiwa mabaya sana hospitali italipa na kesho yake kazi itaendelea. Ufunguo unafungua mafaili tu. Hauonyeshi ni kompyuta ipi bado ina kichochoro cha mwizi, na kila mashine lazima isafishwe kabla ya kurudishwa kwenye mtandao.

Wala si lazima awe mwizi. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni yenyewe ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, za hospitali zikiwemo. Mgonjwa aliye kitandani hajali nani kaangusha.

Kwa hiyo weka kompyuta moja ya dharura katika kila wodi. Kila baada ya muda mfupi ijipakulie nakala ya mambo ambayo bila hayo mtu anaweza kufa: orodha ya wagonjwa na vitanda vyao, dawa na saa zake, mzio, majibu ya karibuni ya maabara. Iwe ya kusoma tu. Printa yake iunganishwe kwa waya moja kwa moja, maana printa ya mtandao itazimika pamoja na mtandao. Soketi yake iwe ile ya umeme wa dharura. Hili la soketi linaonekana dogo, nami hulikagua mwenyewe kwa mkono, kwa kuwa mtu wa usafi akikosa mahali pa kuchomeka mashine yake atachomoa ile ambayo haitumiki.

Kisha karatasi. Fomu za dharura zichorwe na wauguzi, madaktari na watu wa maabara, nawe uwe mwandishi wao tu. Tenga mapema mfululizo wa namba za wagonjwa kwa ajili ya siku hizo, la sivyo utamaliza wiki nzima ukitenganisha mafaili mawili yenye namba moja, na hapo ndipo damu ya mtu huenda kwa mwingine. Chapisha orodha ya simu, kwani simu nyingi za mezani siku hizi zinapita kwenye mtandao ule ule utakaoanguka. Amueni pia nani ataingiza karatasi zote kwenye mfumo baadaye, na katika mpangilio gani. Kazi hiyo ikiachwa hewani huangukia wauguzi waliochoka, nao huiruka.

Halafu fanyeni mazoezi. Chagua wodi moja, wajulishe madaktari, zima mfumo kwa saa chache ukiwa umesimama pale. Mara ya kwanza daktari mmoja mwandamizi atakwambia unahatarisha wagonjwa. Mwambie ana haki ya kuogopa, na mwombe awe msimamizi wa zoezi hilo. Karibu kila mara anakubali, na baada ya hapo unapata wakili kwenye vikao ambavyo wewe hualikwi.

Nakala, na jinsi ya kujua kama zipo kweli

Kanuni ya kale inajulikana: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Ongeza ya nne ya zama zetu: nakala moja ambayo hata akaunti yako wewe mkuu haiwezi kuifuta. Mvamizi akishaingia huanza kwa kutafuta akaunti zenye mamlaka makubwa, kisha huharibu nakala, ndipo anapofunga mafaili. Akaunti inayoweza kufuta kila kitu siku moja itamfanyia kazi yeye.

Usiridhike na ripoti ya kijani inayosema nakala imefanikiwa. Rejesha. Chukua mfumo mzima wa maabara, urejeshe kwenye mashine tupu, mwite fundi sanifu wa maabara atafute majibu ya jana, upime saa tangu kuanza hadi aseme "naam, yapo". Ikiwa ni saa thelathini, basi hiyo ndiyo ahadi unayoweza kumpa mkurugenzi, hata kama mkataba wa muuzaji unasema nne.

Mpangilio wa kurejesha uandikwe kabla. Akaunti za watumiaji na mtandao hutangulia, kwani bila hivyo hakuna anayeingia popote. Baadaye benki ya damu na maabara, famasi, usajili wa wagonjwa, picha za mionzi. Mfumo wa mishahara utapigiwa kelele sana na bado utasubiri. Waache waganga wapange foleni hiyo wenyewe na mkurugenzi atie sahihi. Siku ya msiba hutaki kuwa wewe unayeamua kati ya wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji.

Milango iliyosahaulika

Februari 2024 kampuni ya Change Healthcare, inayopitisha madai ya bima ya sehemu kubwa ya Marekani, ilisimama. Mkuu wa kampuni mama, UnitedHealth, aliliambia bunge la nchi hiyo kwamba wavamizi waliingia kwa nywila iliyoibwa kupitia lango la kuingilia kutoka mbali ambalo halikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Wavamizi walilipwa fidia ya dola milioni 22. Taarifa za watu wapatao milioni 190 zilikuwa zimeshaguswa.

Lango moja. Kwa hiyo kazi yako ni kuyahesabu malango yote, na utashangaa ni mangapi. Muuzaji wa mashine ya CT ana lake la matengenezo. Msambazaji wa mfumo wa famasi ana lake. Kuna lile alilofunguliwa mkandarasi wa mradi uliokwisha zamani. Pita mkataba kwa mkataba, uliza nani anaingia, kwa akaunti ya nani, na nani anamfungulia. Mimi hupenda lango la muuzaji likae limefungwa, lifunguliwe akipiga simu, lijifunge lenyewe akimaliza. Wauzaji hulalamika. Waache walalamike.

Mashine za zamani ni hadithi nyingine. WannaCry, programu ya kufunga mafaili na kudai fedha, ilipoivamia dunia tarehe 12 Mei 2017, ilivuruga angalau taasisi 80 kati ya 236 za hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma, nchini Uingereza, na kiraka cha Microsoft, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili nyuma. Ni rahisi kucheka. Lakini jaribu kuweka kiraka kwenye mashine ya mionzi ambayo mtengenezaji wake anasema ukigusa programu yake dhamana imekwisha. Mashine za hivyo zitenge kwenye kipande chao cha mtandao, ziruhusiwe kuzungumza na seva ya picha peke yake. Intaneti zisiijue kabisa.

Na tahadhari zisomwe. Uchunguzi wa lile tukio la Ireland ulionyesha kwamba kompyuta ya kwanza iliambukizwa tarehe 18 Machi, na programu ya kupambana na virusi iligundua zana za wavamizi hapo hapo kwenye kompyuta hiyo tarehe 31 Machi. Ilikuwa imewekwa kutazama tu, bila kuzuia. Ilitazama. Uliza leo hii: onyo likitokea saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, simu ya nani italia? Ukijibiwa "idara", jua hakuna simu itakayolia.

Tiba mtandao bila mapambo

Hapa nitasema machache, maana watu hutumia fedha nyingi sana kwenye skrini. Tiba kwa masafa haikuanza na simu janja. Mwaka 1968 Dkt. Kenneth Bird aliunganisha kwa televisheni kituo cha afya cha uwanja wa ndege wa Logan, Boston, na hospitali ya Massachusetts General. Matatizo yake ya wakati ule ni yetu ya leo: daktari ataonaje vizuri, na nani yuko upande wa pili.

Anza na kliniki za marudio, za wagonjwa ambao daktari anawafahamu. Simu ya kawaida mara nyingi inatosha. Video iwe pale penye cha kuonwa. Andika utaratibu wa dakika ya kwanza nao ufuatwe na wote: jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo mgonjwa sasa hivi ili gari la wagonjwa lijue pa kwenda akizidiwa, namba ya kumpigia mawasiliano yakikatika, na nani mwingine yumo chumbani. Swali hilo la mwisho lina uzito wake. Mwanamke anayepigwa nyumbani hatasema kitu yule anayempiga akiwa ameketi naye, kwa hiyo wafundishe madaktari maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana.

Madaktari wako tayari wanatumiana picha za vidonda kwenye WhatsApp. Ukiwakataza bila kuwapa njia nyingine, watajificha. Wape programu ambayo kupiga picha na kuituma kwenye faili la mgonjwa kunachukua mibonyezo michache kuliko WhatsApp, na ambayo haiachi picha kwenye simu. Ukishindwa hilo, usitoe waraka.

Matumizi ninayoyathamini kuliko yote ni ya mtaalamu na mtaalamu. Dkt. Sanjeev Arora alianzisha Project ECHO huko New Mexico mwaka 2003: madaktari bingwa walikutana kwa video na wahudumu wa vituo vya mbali, wakajadili wagonjwa wa homa ya ini aina ya C mmoja mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa waliotibiwa vituoni walipona kwa kiwango sawa na wale wa kliniki ya chuo kikuu. Kinachohitajika ni kamera moja, saa maalumu kila wiki, na bingwa mwenye subira.

Kuhusu siri, kumbuka Vastaamo, kampuni ya tiba ya akili ya Finland. Kumbukumbu za mazungumzo ya tiba ya akili ziliibwa, na mwaka 2020 wagonjwa wenyewe wakaanza kuandikiwa barua pepe za vitisho wakidaiwa fedha. Nywila hubadilishwa. Aliyoyasema mtu kwa tabibu wake hayabadilishiki. Basi usihifadhi rekodi za video bila sababu ya kitabibu, na maandishi ya aina hiyo yafunguliwe na wachache, kila anayefungua akiacha jina.

Barua moja ya mwisho kabla hujaomba bajeti

Mpelekee mkurugenzi barua fupi ya kusainiwa. Iseme kwamba mtu wa zamu wa TEHAMA, kwa cheo chake, anaweza kuitenga hospitali na mtandao usiku wowote akiona dalili za uvamizi, bila kusubiri ruhusa, na hataadhibiwa ikiwa alikosea. Ieleze achomoe nyaya za mtandao na asizime kompyuta, kwa sababu ushahidi mwingine umo kwenye kumbukumbu ya muda na hupotea umeme ukikatwa. Itaje nani anafuata kupigiwa simu: muuguzi mkuu wa zamu kwanza, ili karatasi zitoke kabatini, ndipo mkurugenzi.

Wakurugenzi wengi husita penye hilo la kutoadhibiwa. Kaa naye mpaka asaini. Nakala moja ibandikwe ukutani kwenye chumba cha zamu, na nyingine akae nayo muuguzi mkuu.