Faili Likigoma Kusevu, Usikimbilie 777

"Kaka, mtihani unafunguka ila unagoma kusevu." Dada wa kaunta ananiita hivyo, na mwalimu kasimama mbele yake, karatasi ya hesabu imejaa masahihisho ya kalamu nyekundu. Nina duka la steshenari Morogoro. Kompyuta ni moja, ya Ubuntu (aina ya Linux), tunaitumia watu watatu kwa zamu na kila mtu ana akaunti yake: mwenyeduka (ndiyo yangu), kaunta na chapa. Usiku wa jana yake nilihamisha kazi zote kutoka diski ya zamani kwa sudo cp (kunakili kwa mamlaka ya msimamizi), nisijue kwamba unachonakili kwa sudo kinakuwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo.

Nikafanya wanachofanya wengi, sudo chmod -R 777, yaani kumruhusu kila mtu kila kitu kwenye folda na vyote vilivyomo. Ikakubali, mwalimu akaondoka na karatasi zake. Siku chache baadaye folda ya mteja ikatoweka, na kwa kuwa kila akaunti iliruhusiwa kila kitu, hakuna wa kumuuliza. Kwa hasira nikapiga sudo chmod -R 644. Folda zote zikajifunga, hata mimi siingii.

Kwa hiyo wewe anza kwa kutazama kwanza, kwa amri hii kwenye terminal (/srv/kazi ni folda tunamoweka kazi zote):

ls -l /srv/kazi

Asubuhi ile ningeona hivi (tarehe nimeiondoa):

-rw-r--r-- 1 root root 24576 hesabu-kidato2.odt

Alama ya kwanza ikiwa kistari, hilo ni faili. Ikiwa d, ni folda. Tisa zinazofuata zisome tatu tatu: za mmiliki, za kikundi, za watu baki. r ni kusoma, w kuandika, x kuendesha kama programu. Majina mawili ya root ni mmiliki na kikundi. Basi jibu lilikuwa pale pale: root anaandika, sisi wengine tunasoma tu. Kwa tarakimu, r ni 4, w ni 2, x ni 1, unajumlisha; hiyo hapo juu ni 644.

Kwenye folda, x maana yake ni kuingia. Ndiyo maana 644 yangu ilifunga milango. Na kuna jambo lililonisumbua zaidi: niliwahi kufunga mtihani kwa 400 nikaenda kulala bila wasiwasi, kesho yake haupo. Kufuta faili hakuangalii ruhusa ya faili, kunaangalia ruhusa ya folda lililomo. Chukulia folda ni daftari la mahudhurio: mwenye ruhusa ya kuandika kwenye daftari anaweza kukata jina la yeyote.

Dawa niliyoitumia ni kikundi cha duka:

sudo groupadd duka
sudo usermod -aG duka mwenyeduka
sudo usermod -aG duka kaunta
sudo usermod -aG duka chapa

Usisahau hiyo a. Ukiandika -G peke yake, mtu anaondolewa kwenye vikundi vyake vingine, na kama ni akaunti yako, unaweza kupoteza hata sudo. Kisha kila mmoja atoke na kuingia upya, la sivyo kikundi hakimtambui.

Sasa mmiliki (chown) na ruhusa (chmod):

sudo chown -R mwenyeduka:duka /srv/kazi
sudo find /srv/kazi -type d -exec chmod 3770 {} +
sudo find /srv/kazi -type f -exec chmod 660 {} +

Soma njia ya folda, yaani /srv/kazi, mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Nafasi moja ikiingia kati ya / na srv, chown inaanza kubadilisha mmiliki wa mfumo mzima, na hapo utajikuta unasakinisha upya.

Nimetenganisha folda na faili kwa sababu mtihani hauhitaji x. Ile 3 ya mbele ni 2 na 1. 2 inafanya kila kipya kinachozaliwa ndani kirithi kikundi cha duka. 1 inazuia mtu kufuta faili la mwenzake. Anayeweza kufuta ni mwenye faili, mwenye folda na root.

Bado kuna kasoro moja: faili jipya linaweza kuja kikundi kikisoma tu, kutegemea umask (ruhusa zinazoondolewa faili likizaliwa) ya aliyelitengeneza. Mimi nilimaliza ubishi hivi, kila kipya kizaliwe na ruhusa za kikundi cha duka:

sudo setfacl -R -d -m g:duka:rwX /srv/kazi

Baada ya hapo ls -l itaonyesha alama ya + mwishoni mwa ruhusa za folda. Usishtuke.

Flashi za wateja ziache. Nyingi ni FAT32 au exFAT, ambazo hazihifadhi mmiliki wala ruhusa za namna hii, kwa hiyo utapiga chown mpaka jioni bila kupata kitu. Nakili kazi iingie /srv/kazi kwa akaunti yako ya kawaida, bila sudo, kisha jaribu kusevu ukiwa kwenye akaunti ya mwenzako kabla mteja hajafika.