LEFT JOIN inakula mistari? Cheki WHERE yako
Nimepoteza asubuhi nzima kwa hili. Kama LEFT JOIN ya SQL (inayounganisha majedwali mawili na kubakiza mistari yote ya la kushoto, hapa wateja) haileti wateja wasio na oda, angalia kama umeandika WHERE oda.hali = 'imelipwa', maana mteja asiye na oda anapata NULL (yaani hakuna thamani) upande wa kulia, kwenye oda, na NULL ukiilinganisha na kitu haitoi kweli, basi mstari unatupwa na join inageuka INNER (inayobakiza wenye oda tu) kimyakimya. Hamishia sharti kwenye ON: ON oda.mteja_id = wateja.id AND oda.hali = 'imelipwa', wote wanarudi. Ila sharti la jedwali la kushoto liache WHERE, huko ON haliondoi mteja hata mmoja, na IS NULL ya kusaka wasio na oda pia ibaki WHERE. Mistari ikizidi badala ya kupungua hii haisaidii, hapo mteja mmoja ana oda kibao.