Gharama za kuanzisha duka dogo la fotokopi: anza na ukurasa mmoja

Wengi wanaotaka kufungua duka la fotokopi na kuprinti huanza kwa kuulizia bei ya mashine, na hapo ndipo hesabu zinapowapotea. Mashine unainunua mara moja. Karatasi, wino na vipuri utavinunua muda wote duka likiwa wazi. Kabla hujamfuata muuzaji yeyote, jua ukurasa mmoja utakugharimu kiasi gani.

Gharama ya ukurasa mmoja

Tumia bei ya karatasi moja kuwa kipimo. Chukua bei ya rimu ya A4, gawanya kwa 500. Jibu lake liwe "karatasi 1". Kila kitu kingine kipime hivyo hivyo.

Tuseme katriji ya tona, yaani wino wa unga, inauzwa sawa na karatasi 600, na kwenye boksi imeandikwa kurasa 3,000. Usigawanye kwa 3,000. Kiwandani namba hiyo hupimwa kwa ukurasa uliofunikwa na wino kwa takriban asilimia 5, yaani barua fupi iliyochapwa. Wateja wako wataleta vitambulisho, vyeti vyenye mihuri na kurasa za vitabu zilizojaa picha. Ukurasa uliofunikwa asilimia 20 unakula wino mara 4. Kwa kazi mchanganyiko kadiria kurasa 2,000: 600 kwa 2,000 ni 0.3.

Drumu, yaani silinda inayobandika wino kwenye karatasi, ya bei ya karatasi 1,500 inayodumu kurasa 15,000 inaongeza 0.1. Mashine ya bei ya karatasi 20,000 unayotarajia itoe kurasa 100,000 kabla ya kuchoka inaongeza 0.2. Jumlisha na karatasi yenyewe: 1.6. Kisha hesabu kurasa zinazoharibika. Ukiharibu 4 katika kila 100, na mwanzoni utaharibu zaidi, unafika karibu 1.7. Hizi ni namba za mfano; weka za kwako, lakini usiache hata mstari mmoja. Wanaouza kopi kwa hasara mara nyingi wamehesabu karatasi na wino tu, wakasahau drumu na mashine.

Kitu kimoja kidogo kinachomaliza wino: kopi ya kitambulisho. Kitambulisho kikiwa juu ya kioo na kifuniko kikabaki wazi, kopi inaweza kutoka na weusi mtupu kuzunguka picha. Weusi huo wote ni tona yako. Funika kila mara, hata kwa karatasi nyeupe, na tumia kitufe cha kopi ya kitambulisho kinachoweka mbele na nyuma kwenye karatasi moja.

Mashine ipi

Kwa kuanzia zipo njia mbili: printa mpya ndogo ya leza yenye skana na trei ya kulisha karatasi juu, au fotokopi kubwa iliyotumika. Mpya ina garantii, ila mara nyingi katriji inayokuja nayo imejazwa wino kidogo kuliko ile ya dukani. Nunua katriji ya pili siku hiyo hiyo na uiweke kwenye bajeti. Uliza pia kama drumu ni sehemu ya katriji au inauzwa peke yake, na kama wino wake unapatikana karibu nawe. Mashine ya bei nafuu ambayo wino wake lazima uagizwe mbali inaweza kukufungia duka wiki nzima.

Fotokopi kubwa iliyotumika hutoa ukurasa kwa gharama ndogo zaidi, lakini ikaguliwe kabla ya kulipa. Chapa ukurasa wa taarifa za mashine usome kaunta, yaani idadi ya kurasa ambazo mashine imeshatoa. Toa kopi 50 mfululizo kupitia trei ya juu, pande mbili. Halafu angalia haya:

- Sugua maandishi kwa kidole kikavu. Yakifutika, fyuza (sehemu inayogandisha wino kwenye karatasi kwa joto) haipashi moto vya kutosha, na fyuza ni miongoni mwa vipuri vya bei kubwa.
- Mstari mweusi wa wima unaoonekana unapolisha kwa juu tu, lakini haupo ukiweka karatasi kiooni, ni uchafu kwenye kioo chembamba cha pembeni. Kitambaa laini kinatosha. Ukionekana kote, hata kwenye kurasa zilizotumwa kutoka kompyuta, shuku drumu au ubapa unaoisafisha.
- Doa linalojirudia lipime kwa rula. Umbali kati ya doa na doa ni mzingo wa kitu kinachozunguka ndani. Drumu ya kipenyo cha milimita 30 hurudia kila milimita 94 hivi.
- Karatasi zikinaswa kwenye trei ileile mara kwa mara, mpira wa kuvutia karatasi umelika. Hicho ni kipuri cha bei ndogo, kisikutishe, ila punguza bei.

Muuzaji akikataa kukuachia kopi 50, ondoka.

Kwa rangi, printa ya matangi ya wino ni nafuu kuliko leza ya rangi kwa duka dogo. Kasoro yake ni kwamba ikikaa bila kazi, wino hukauka kwenye matundu ya kichwa, na kila unapoisafisha unamwaga wino kwenye sponji ya ndani ambayo nayo hujaa. Chapa ukurasa mmoja wa rangi zote kila baada ya siku mbili. Kama wateja wa rangi bado hawajaonekana, ahirisha ununuzi huo.

Vifaa vingine

Kompyuta isiwe ya kifahari. RAM ya GB 8 na diski ya SSD vinatosha. Weka antivirusi tangu siku ya kwanza, kwa sababu flashi za wateja hubeba virusi kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mwambie mteja alete faili kama PDF. Ya Word ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zake, kurasa huvurugika na karatasi zinazopotea ni zako. Faili zao zifute kila jioni, na kopi mbovu za vitambulisho zichane vipande vidogo.

Mashine ya lamineti na ya baindingi zinarudisha pesa mapema, kwani kazi moja hulipa kuliko kopi nyingi. Kwa lamineti, acha mashine ipate moto kwanza, ingiza mfuko kwa upande uliofungwa, na bakiza milimita 3 hadi 5 za plastiki kuzunguka karatasi. Ukikata zaidi, kingo hufunguka. Cheti cha mtu usikilamineti bila kumuuliza, maana hakirudi kilivyokuwa. Ongeza kikatio cha karatasi, stepla kubwa na meza imara isiyotikisika.

Umeme na karatasi

Umeme wa kuchapa ukurasa mmoja ni mdogo. Tatizo ni kwamba mashine ya leza huvuta umeme mwingi kwa ghafla inapopasha fyuza, na UPS ndogo ya kompyuta (betri ya akiba umeme ukikatika) hushindwa kuubeba. UPS ibebe kompyuta tu. Printa ichomeke kwenye stabilaiza (kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka) yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa mgongoni mwa mashine.

Karatasi ya gramu 80 inatosha kazi nyingi, na rimu yake ya A4 huwa na kilo 2.5. Pima rimu moja kabla ya kununua katoni: ikipungua sana, karatasi ni nyepesi au zimepunguzwa. Zihifadhi kwenye kanga zake, juu ya mbao, mbali na ukuta. Karatasi iliyovuta unyevu hujikunja, hunasa, na maandishi hutoka hafifu.

Kodi, leseni na akiba

Sasa hesabu gharama zisizojali kama mteja amekuja: kodi ya pango, mshahara, intaneti, leseni na ada zake. Tuseme kwa mwezi zinafika karatasi 9,200. Ukiuza kopi kwa karatasi 4, na gharama yake ni 1.7, unabakiwa na 2.3. Gawanya: kopi 4,000 kwa mwezi, au 160 kwa siku ukifanya kazi siku 25, ili tu usipate hasara. Kabla ya kulipia chumba, simama nje yake siku mbili au tatu uhesabu watu wanaopita na makaratasi mkononi. Tenga pia gharama za miezi 3, na bei ya tona moja na drumu moja ambazo huzigusi kwa matumizi mengine.

Siku ya kufungua, andika namba ya kaunta kwenye daftari kabla ya kopi ya kwanza, kisha fanya hivyo kila asubuhi na jioni. Tofauti ya namba hizo, ukitoa kurasa zilizoharibika, lazima ilingane na kurasa zilizolipiwa. Zisipolingana siku mbili mfululizo, tafuta sababu kabla hujafungua siku ya tatu.