Saadani wakati wa masika: uliza njia kabla ya kulipa

Ndugu zangu wa Bagamoyo na Tanga, zile kambi za mahema ya kifahari za Hifadhi ya Taifa ya Saadani si za wageni peke yao. Masika, Machi hadi Mei, nyingi hushusha bei. Ila usitume pesa kabla hujapiga simu kambini, maana nyingine hufunga kabisa. Uliza: "Leo gari linafika wapi?"

Udongo wa kule ni mweusi, ule wa mbuga. Ukilowa hujaa kwenye kashata za tairi mpaka tairi linakuwa laini kama limenyolewa, linazunguka palepale. Hata foo wili inakwama. Mimi nilishinda nusu siku nikikata matawi ya kutandika chini, na mvua inanyesha.

Kwa hiyo siku ya kwanza ombeni boti ya Mto Wami. Viboko na mamba mvua haiwafukuzi, na mbega mtawaona juu ya miti, mikia myeupe ikidondosha maji. Raha yake naithamini kuliko kuzunguka na gari. Simu itie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na dawa ya mbu usiisahau.