Namna ya kusoma huzuni na alama katika mchoro wa mwanamke

Nimemsaidia mwanafunzi hapa Dodoma kuandaa kazi kuhusu Proserpine, mchoro wa rangi ya mafuta wa mchoraji Mwingereza Dante Gabriel Rossetti wa mwaka 1874, uliopo katika jumba la makumbusho la Tate, London. Aliyekaa kuchorwa ni Jane Morris. Tulifuata hatua hizi.

1. Pakua picha kubwa kwenye tovuti ya jumba lenyewe la makumbusho. Iliyotumwa kwa WhatsApp imeshapoteza vivuli.

2. Andika kwa penseli unachokiona, neno "huzuni" usiliguse kwanza. Shingo imeinama, macho yanatazama pembeni. Mkono mmoja umeshika komamanga lililomegwa, mwingine umekikamata kifundo cha mkono huohuo. Kisha geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, uone mwanga umebaki wapi: usoni, mikononi, na kwenye kipande cha ukuta nyuma. Hatua hii siiruki kamwe.

3. Alama. Hapa ndipo saa zinapotelea. Achana kabisa na orodha za intaneti za "tunda hili maana yake hii". Komamanga katika michoro ya Kikristo huashiria ufufuo. Hapa limetoka kwenye hekaya ya Kirumi: Proserpine alitekwa akapelekwa kuzimu, na kwa kuwa alionja komamanga huko, kila mwaka lazima arudi kukaa kwa muda. Tunda ni lilelile, ila hapa ni kifungo. Majani yaliyo nyuma yake mwanafunzi aliyaita mzabibu, na simlaumu, maana Dodoma zabibu ndizo tunazoziona mashambani. Ni mtambaazi mwingine, na Rossetti mwenyewe aliandika kwamba unaweza kuchukuliwa kuwa alama ya kumbukumbu inayong'ang'ania. Chetezo kilicho mchoroni Rossetti alikitaja kuwa cha mungu wa kike. Ule mwanga ukutani, kwa maelezo yake, umepenya ghafla kutoka duniani.

Kwa hiyo tanguliza maneno ya mchoraji, kisha hekaya, kisha mwili wa anayechorwa. Na rangi nazo zisikudanganye: buluu ya michoro ya Picasso ya 1901 hadi 1904 imebeba majonzi, lakini buluu ya vazi la Bikira Maria ni ya heshima.

4. Andika sentensi moja: ni huzuni ya aina gani? Mwanafunzi aliandika, "Anautazama mwanga kwa kuiba, huku mkono wake bado umeshika kilichomfunga." Sentensi yako ikiweza kubandikwa kwenye mchoro mwingine wowote, rudi hatua ya pili.